Irine Anapoijua Hasira Yake

Kijiko kiligonga sufuria ya uji mara mbili, nje kukiwa bado giza. Kitandani, Bibi Ndeshi aligeuza uso kuelekea jikoni akatabasamu.

Irine, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini Dodoma, aliingia na beseni la maji ya moto. Alimwosha polepole, akambadilishia mashuka, akampaka mafuta miguuni, miguu ambayo haikuwa imekanyaga chini tangu alipopata kiharusi. Kisha alifungua madirisha yote mawili, ingawa asubuhi za Nkoaranga zina baridi kali.

"Leo nina furaha, mama," alisema. "Jumuiya inasali hapa kwetu."

Bibi aliomba maji. Alikunywa vikombe vitatu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kila Jumamosi, wanajumuiya walikusanyika. Baada ya sala Irine alisimama kutoa ushuhuda.

"Zamani nilikuwa nakasirika bila kujijua. Namfokea mtu, ndipo najiuliza nimepatwa na nini. Siku hizi najitambua. Moyo ukianza kuchafuka, nausikia hapa shingoni. Sisemi neno. Natoka nyumbani mpaka hasira iishe."

"Haleluya!" Akina mama walipiga makofi.

"Mimi nikifanya hivyo, si nitakuwa nalala migombani kila siku!" alisema Esther, mmoja wao, na sebule nzima ikacheka.

Wengine walipoanza kunywa chai, Fransiska, katibu wa jumuiya, aliingia chumbani kumnywesha Bibi uji. Alimshikia kikombe, akipuliza kabla ya kila funda. Kikaisha. Akaleta cha pili, nacho kikaisha upesi kuliko cha kwanza.

"Una mkwe mwema, Bibi."

"Mwema sana. Hajanipiga hata siku moja. Hajanitukana."

"Na hiyo hasira, bado inampata kweli?"

"Jumatano ilimpata. Nilimwaga chai kitandani. Hakusema neno, mwanangu. Alichukua kanga yake, akatoka taratibu, akafunga mlango."

"Basi amejifunza. Alikaa huko nje muda gani?"

Bibi alisikiliza kwanza vicheko vya sebuleni. Kisha akamshika Fransiska mkono.

"Amerudi leo alfajiri, kuwaandalia nyinyi. Mwambie mwenyekiti, jumuiya ije tena hapa kesho."