Jiwe Limejaa

Kanali Whitcomb, wakili aliyekuwa akigombea useneta, alilizunguka jiwe la kumbukumbu mara mbili. "Fundi, jina langu liko wapi?"

"Haya ni majina ya waliokufa vitani pale kilimani, Kanali," alijibu Ezra, mchonga mawe, bila kuinua uso.

"Nani aliwaongoza?"

"Uliwatuma tu. Wewe ulibaki ng'ambo ya mto na darubini yako."

"Chunga ulimi wako. Kesho nalizindua jiwe hili mbele ya wapiga kura, na nataka jina langu liwepo."

"Jiwe limejaa."

"Basi futa moja."

Ezra aliacha kazi. Jina la nne lilikuwa la mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufa. Alimsukumia Kanali kifuani nyundo aliyokuwa ameishika, pamoja na tindo.

"Futa mwenyewe. Chagua."

Kanali akavipokea. Akainama na kuyasoma majina yote kwa mara ya kwanza, taratibu, akitafuta mtu ambaye hakuacha mama wa kulalamika.

Kidole chake kikasimama kwenye la nne.