Watatu kwa Mmoja

Mwenyekiti wa timu aliwatoa vijana watatu, wote bora, akapewa mshambuliaji mmoja mwenye jina kubwa. Kocha Lugendo alizipata habari mazoezini, gari la kuwachukua vijana lilipoegeshwa kando ya uwanja.

Mshambuliaji mwenyewe, Masumbuko, alishuka taratibu huku ameshikilia mlango.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Hilo goti vipi?"

"Limekwisha. Mwenyekiti wenu hakuniuliza."

Vijana walikuja kuaga. Chande, ambaye Lugendo alimfundisha mpira tangu utotoni, alivua jezi akamkabidhi.

"Kocha, tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, mwanangu. Nendeni mkacheze."

Gari likaondoka, Lugendo akabaki ameishika ile jezi, imelowa jasho, bado ina joto.

Masumbuko aliuvuta mpira, akapiga pasi ndefu, safi, kuelekea kulia. Akakunja uso kwa maumivu ya goti. Kisha akageuka.

"Kule anacheza nani?"

Lugendo aliitazama jezi ya Chande mkononi mwake. Mpira ulidunda, ukavuka mstari, ukaendelea kubingirika kwenye majani marefu.