Utamu wa Urukususu

Bi Zuwena alionja chai, akasukuma kikombe. "Umetia sukari. Unataka kuniua?"

"Mama, sijatia," alijibu Raya, mke wa mwanawe.

Hicho kilikuwa kikombe cha tatu tangu asubuhi. Bi Zuwena alikuwa na kisukari, na sasa kikohozi kilimnyima usingizi, ndiyo maana Raya akamchemshia mizizi ya urukususu. Cha kwanza alikimwaga. Cha pili kilichemshwa mbele ya macho yake, akadai sukari ilifichwa ndani ya sufuria.

Raya alichoka. Akaingia jikoni, akarudi na mzizi mkavu, akamtilia mkononi. "Haya, tafuna. Huu nao niliutia sukari lini? Ulipokuwa ardhini?"

Bi Zuwena alitafuna. Akasita, akatafuna tena. Raya alisimama akingoja neno la samahani, lakini halikuja. Mama mkwe aliuvunja mzizi, akamnyooshea kipande ambacho hakijaguswa.

"Kaa," alisema, akijisogeza kumpisha kwenye mkeka.

Raya alikaa, bado amenuna. Wakatafuna wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake, chai ikipoa katikati yao.