Nafasi ya Kiganja Kimoja

Kiganja kimoja. Ndiyo nafasi iliyobaki kati ya zege na kifua cha Mwalimu Bashiru, siku nyumba aliyokuwa akiijenga kule Mshangano ilipoporomoka. Alizimia, akaamkia hospitali. Fundi wake, Twaha, alizikwa kesho yake.

Leo mwalimu amekuja kwa magongo kutoa pole. Mjane, Mwanahawa, yumo ndani ya eda, anasikiliza nyuma ya pazia. Barazani yupo Muhsini, kaka wa marehemu. Ndiye aliyeongoza watu kufukua kifusi, na ndiye aliyemwosha ndugu yake.

"Shemeji," Bashiru alianza, "mimi na Twaha tulikuwa watu wa kubishana. Namwambia, nguvu ya uvutano ingezidi kidogo tu, majua yangeungua yakaisha kabla hata jani halijaota. Ingepungua, yasingewaka kabisa. Yeye ananiuliza, sasa nani kapima? Namjibu hakuna, imetokea tu hivyo."

"Na sasa unasemaje?" pazia liliuliza.

"Sasa nakiri yupo aliyepima. Zege zima lile, shemeji, likasimama hewani! Lingeshuka kidogo tu, mngetuzika wote."

Alijikuta anatabasamu, akaona haya. Furaha gani hii msibani? Lakini alihitaji kuaminiwa. Kama hakuna aliyepima, basi yeye kapona bure na Twaha kafa bure, na wazo hilo lilikuwa linamnyima usingizi tangu atoke hospitali.

"Mola kaniwekea ile nafasi makusudi," alisema. "Ana kazi na mimi."

Muhsini alikuwa akichokonoa ukindu wa mkeka. Hakuinua uso.

"Kaka, Twaha mlimkuta wapi?" Bashiru alimuuliza.

"Palepale, ubavuni kwako. Kapiga magoti, kainama, mikono chini."

Machozi yalimlenga mwalimu. "Alikuwa anasujudu! Shemeji, umesikia? Mumeo kafa akimsujudia Mola wake."

Muhsini akakohoa, akajipangusa uso kwa kanzu.

"Mwambie, shemeji," Mwanahawa alisema taratibu. "Ana haki ya kujua."

"Tulikutoa wewe kwanza, Mwalimu," alisema Muhsini. "Tulipomvuta Twaha, ndipo zege likashuka mpaka sakafuni."