Rafiki Mwenye Miaka Kumi

Nilikuwa nachokoa nta ya masikio kwenye spika ya simu ya mteja, kioo kikawaka, ujumbe ukaingia.

"Kadogo, mama ameshatoka. Ile picha uliyotaka nikutumie sasa?"

Nikafungua akaunti ya mwenye simu: picha ya kitoto chenye pengo na maneno: Kadogo, miaka kumi.

Nikamtazama mwenye simu. Jitu zima lenye kipara, limekalia kigoda changu likichokonoa meno.

"Kadogo ni nani, bosi?"

Kijiti kikasimama mdomoni. "Ah, mjukuu wangu huyo, fundi! Watoto wa siku hizi wanatuchezea simu mno."

Akacheka. Nimetengeneza simu katika miji saba na uchafu nimeushika wa kila aina, lakini kicheko kile kiliupita wote.

"Basi, lete simu yangu," akasema, mkono ameunyoosha.

Nikarudi nyuma ya meza, nikampigia kwa simu hiyohiyo yule mtoto aliyetuma ujumbe.

"Kadogo?" Sauti nyembamba, imejaa furaha.

"Hakuna Kadogo, mwanangu. Huyo ni mwanamume mzima, yuko hapa mbele yangu. Usitume picha yoyote. Kimbia kwa jirani, mpe simu niongee naye. Nasubiri."

Jamaa akanirukia. Simu sikuiachia.