Ubao wa Wilf

Kila asubuhi Beryl alimhamisha Wilf. Siku moja alimweka penye kabichi, siku ya pili kando ya mtaro wa maharagwe, siku ya tatu karibu na njia, mgongo ukiwatazama wapita njia ili wasimwone uso.

Uso hakuwa nao. Alikuwa koti la mvua la kijani lililojazwa nyasi kavu, kofia ya sufu juu ya gunia, na mti uliochongwa ncha ukachomekwa ardhini.

Wilf mwenyewe alikuwa hospitalini tangu majani yalipoanza kupukutika, mapafu yamejaa maji. Vishamba vile vilikuwa vya kukodi, na sheria yake ilijulikana: kishamba kisichoguswa majira yote ya baridi anapewa mwingine. Waliokuwa wakisubiri walikuwa wengi.

"Wakikichukua, nitatoka humu niende wapi?" Wilf alimwuliza, amelala kitandani. "Nikakae nyumbani nitazame ukuta?"

Beryl, jirani yake wa kishamba cha pili, alikuwa na goti bovu na alishavuka miaka sabini. Kulima vishamba viwili kulimshinda. Udongo wa pale ukilowa ulimng'ang'ania buti kama mtoto asiyetaka kuachwa shuleni. Wilf yeye hakuwahi kukanyaga udongo uliolowa. Alikuwa na ubao wake mrefu wa mwaloni. Aliulaza chini, akasimama juu yake, akafanya kazi taratibu bila kuukandamiza udongo. Beryl alijaribu kuubeba mara moja, akaanguka nao, akaishia kuubusu. Akauacha umeegemea kibanda, chini ya ukingo wa paa. Wilf wa nyasi akasimama matopeni kama watu wengine.

Jioni Wilf alipiga simu kutoka wodini.

"Kabichi umezifunika?"

"Nimezifunika."

"Samadi umemwaga?"

"Mvua imenikatalia. Toroli limezama mpaka shingoni."

"Na udongo wangu umeukanyaga?"

"Nimepaa juu yake kama malaika."

"Malaika wa kilo ngapi?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kisiishe. Beryl alisubiri simu ikiwa sikioni, akitazama maji yakiteremka dirishani. "Nitarudi, Beryl," alisema mwishowe. "Wewe nishikie tu."

Alasiri ile, kabla ya simu, upepo ulikuwa umeuvunja ule mti. Beryl aliokota koti, kofia na nyasi, akavitupa ndani ya kibanda cha Wilf, akafunga mlango kwa waya. Kesho yake katibu wa vishamba angepita kukagua kwa mara ya mwisho. Alikusudia kumtangulia, aje na mti mpya.

Lakini usiku kucha mvua ilinyesha, barabara ikajaa maji, na basi likazunguka mbali. Akiwa njiani simu yake ililia mkobani. Mkono mmoja ulikuwa na mti, mwingine na chupa ya chai. Alichungulia, akaona namba ya wodi.

"Subiri kidogo, mzee," alinong'ona. "Nitakupigia nikiwa na habari njema."

Simu ikanyamaza. Ikalia tena, kwa muda mrefu zaidi. Kisha ikanyamaza.

Alipofika langoni, katibu alikuwa tayari anatoka. Bwana Hartley huyo, miwani imejaa matone.

"Mama, umelowa kama paka aliyetolewa kisimani."

"Na wewe umekauka?" Beryl aliuficha mti nyuma yake. "Umeshapita kwa Wilf?"

"Nimepita. Nikwambie kweli, nilikuja nimeshaamua kumnyang'anya. Watu wamenijaza maneno, ati pale pamesimama kinyago tu."

Beryl akatazama buti zake.

"Sasa wakome," katibu alisema. "Nimemwona mwenyewe, kasimama juu ya ubao wake. Hapa kote ni yeye tu anayekumbuka ubao. Na kichwa wazi, mvua yote hii. Nimemsalimu, hakunijibu."

"Lini aliwahi kukujibu?"

Katibu akacheka. "Haya, kishamba ni chake. Ila mwambie avae kofia. Atakufa."

Beryl aliingia ndani kwa furaha. Kupitia mvua aliuona ule mgongo, umeinama kidogo juu ya mtaro wa maharagwe. Clifford, akawaza. Ni Clifford tu wa kishamba cha kule juu mwenye nguvu za kuubeba ule ubao na kumsimamisha Wilf wa nyasi juu yake. Mdomo wake mchafu, lakini moyo anao. Kofia bila shaka imechukuliwa na upepo. Angemletea mtungi wa achari.

Alipitia kwanza kibandani kuuweka mti, ndipo ampigie Wilf. Waya wa mlangoni ulikuwa umesokotwa vilevile, kwa fundo lake la mkono wa kushoto. Akaufungua, akasukuma mlango.

Koti la kijani lilikuwa sakafuni pale alipolitupa, nyasi zingali mikononi mwake, kofia juu yake.

Beryl aligeuka. Kwenye mtaro hapakuwa na mtu.

Alikwenda polepole, tope likimvuta kila hatua, mpaka akafika. Kulia na kushoto kwa ubao udongo ulikuwa laini, haujakanyagwa popote. Ubao wenyewe ulikuwa umelowa, mweusi toka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pawili katikati, pakavu, pa ukubwa wa buti za mwanamume, ambapo matone ndiyo kwanza yalikuwa yakianza kuanguka.