Tanga la Hamadi

Siku hizi tanga halianuliwi mpaka nyama ya marehemu iliyohifadhiwa maabarani ife nayo. Msuli wa Hamadi, aliyeuawa na ugonjwa wa misuli wa kurithi, ulikuwa bado unacheza ndani ya chupa, na shangazi zake walikuwa bado wanalala sebuleni.

“Wifi, waambie wautupe,” alisema Mwanahawa. “Mbavu zangu zimeota alama za jamvi.”

Mwanakombo, mama wa marehemu, akacheka kidogo, akashika simu. Msuli ukitupwa, utafiti wa dawa ya ugonjwa huo utakoma, ingawa hata madaktari walikwisha kuikatia tamaa.

Kishindo kikasikika uani. Zuhura, mtoto pekee aliyembakia, alikuwa chini kwenye sakafu kavu.

“Nimeteleza tu, mama,” alisema kabla ya kuulizwa.

Mwanakombo akairudisha simu mezani, akaenda kumwinua.